Mtani Wangu na Lundo Bichi

Mavi ya kuku nayajua. Kuna wanaojua sheria, kuna wanaojua kupika pilau, mimi najua mavi ya kuku na wala sioni aibu kusema. Hapa Itetemia, mjini Tabora, nyuma ya nyumba yangu, kuna banda la miti na wavu. Sakafuni nimetandaza pumba za mpunga na maranda ya mninga ninayoyaokota kwa mafundi seremala, na chini ya fito wanapolala kuku nimelaza bati kuukuu. Asubuhi, kabla hata sijanywa chai, navuta lile bati, nakwangua, narudisha mahali pake. Ukija kwangu harufu hutaisikia mpaka nikupeleke bandani kwenyewe, na hata hapo utaisikia kidogo tu.

Kando ya ua wa minyaa nina malundo matatu. La kwanza ni bichi, ndiyo kwanza limetoka bandani. Hilo ni kali, ukiinama juu yake machozi yanakutoka, na ukilitia kwenye mboga umeziua. La pili linachemka. Hapo nimeshachanganya mavi na majani makavu, nyasi, na mabua ya mahindi niliyoyakatakata kwa panga, nikanyunyizia maji kwa kipimo changu: ukifumbata gao moja la mchanganyiko huo linashikana mkononi, lakini halidondoshi tone. Nachomeka fimbo katikati, naiacha kidogo, naichomoa. Nikishindwa kuishika kwa joto, najua kazi inaendelea huko ndani, na baada ya siku chache nachukua chepe nageuza lundo zima, la chini juu, la juu chini. La tatu ndilo mbolea yenyewe. Ni jeusi, limepoa, linavunjika vidoleni, na linanukia udongo. Kuna watu hunishauri nimwage majivu kwenye lundo bichi ili kupunguza harufu. Nani kawadanganya? Majivu ndiyo yanayoitoa harufu yote hewani, na nguvu ya mbolea inaondoka nayo. Nimeshagombana na watu kwa jambo hilo hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Ng'ambo ya ule ua wa minyaa anakaa mtani wangu. Yeye ni Mzaramo, aliletwa Tabora ujanani na kazi ya reli, akastaafu, akagoma kurudi kwao. Mimi ni mwanamke wa Kinyamwezi, wa Kwihara, kijiji cha karibu na mji. Kwa asiyejua mambo yetu, nimweleze kidogo. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani na kulala kwa watu wa huko, tulikubaliana kwamba sisi na wao hatukasirikiani. Mtani akikutukana, unacheka na kumrudishia. Akichukua kitu chako, ni haki yake, hata akiingia jikoni akafunua sufuria akajipakulia. Ukinuna, wewe ndiye umekosa adabu, na watu watakutoza kuku.

Baba yangu alipofariki, mtani huyu alifika Kwihara mapema kuliko ndugu wa damu. Kaburi lilipokuwa tayari akarukia ndani, akalala chali, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo na marehemu amwombe radhi kwa kuondoka bila kuaga. Wazee walicheka huku wakipangusa macho. Jogoo alitolewa. Kisha akapanda juu, akashika chepe, akafukia mpaka mwisho na hakumwachia mtu mwingine zamu yake. Siku ile nilimpenda sana yule mzee.

Basi kutwa tunarushiana maneno juu ya ua. Ananiita mpagazi.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu, wewe umebakiziwa mavi ya kuku. Ukoo unazidi kushuka huo!"

"Na babu zako walikaa kivulini wakipiga ngoma, wakisubiri kubebewa," namjibu. "Wewe ndiyo umerithi kukaa."

Kanizidi umri kwa mbali, lakini miaka yote hiyo sijawahi kumwamkia shikamoo hata siku moja. Asubuhi yetu huanza kwa tusi, na tusi likikosekana mmoja wetu anajua mwenzake anaumwa.

Mke wake ni mtu wa namna nyingine. Kazaliwa Ulyankulu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, na jembe kalishika kabla ya kalamu. Mpole, maneno yake machache, na mimi namwita dada. Nyuma ya nyumba yao ana bustani ambayo mimi, mwenye mbolea yangu, naionea wivu: matembele, nyanya chungu, vitunguu vya majani pembezoni, na katikati matuta ya mchicha. Yeye anauita lengalenga. Ni mchicha wa majani mapana na bua jekundu, na mbegu yake alipewa na mama yake, ambaye siku hizi ni marehemu. Kila msimu huacha miche michache kwenye kona ikue mpaka ikomae, anakung'uta mbegu, anazifunga kwenye kitambaa, anapanda tena. Dukani mbegu ile huipati, nimeshaitafuta.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, dada yangu huyo akaanza kuumwa tumbo. Alipungua mpaka kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Madaktari wa hapa wakakuta uvimbe, wakasema aende Mwanza kwenye hospitali kubwa akapasuliwe. Binti yao anaishi hukohuko Mwanza, akasema atamuuguza mwenyewe, kwa kuwa kwenye wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kulala. Mtani ikabidi abaki.

Siku ya safari bajaji ilikuwa mlangoni, inanguruma. Dada hakuipanda. Alizunguka nyuma ya nyumba, taratibu, akishika ukuta, akasimama kwenye bustani yake. Akatuita sote wawili.

"Nawaachia hii," alisema. "Nikirudi nikaikuta imekufa, nitajua mlishanizika."

Mtani alifungua kinywa, nami nikajua mzaha unakuja. Mkewe akamtazama. Basi akakifunga, akasema, "Nitaitunza." Na mimi nikasema nipo, asiwe na wasiwasi, bustani ataikuta. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana moyoni nilikuwa nimeogopa.

Tangu siku ile mzee wa watu akawa kama amehamia bustanini. Asubuhi anamwagilia, jioni anamwagilia, mchana nikichungulia namkuta ameinama anaongea na matembele. Simu zikija kutoka Mwanza hazikuwa na jipya: damu ni ndogo, wanamwongeza kwanza, upasuaji umesogezwa mbele. Kila simu ya namna hiyo ikija, anachukua ndoo. Udongo wetu ni mchanga mtupu, na mchanga ukiumwagilia bila kuulisha, maji yanapita tu. Mchicha ukaanza kupauka. Majani ya chini yakawa ya njano.

"Mpagazi!" aliita siku moja juu ya ua. "Nipe mbolea."

Nikamwambia ukweli. Lile lundo lililokuwa tayari nilikuwa nimeshalipeleka shambani Kwihara, liko chini ya turubai linasubiri mvua. Yaliyobaki hapa, moja linachemka na jingine ni bichi kabisa. Asubiri, nitamletea kidogo kutoka shambani nikienda.

"Nisubiri nini? Malundo mawili nayaona kwa macho yangu!"

"Hayo yanaunguza, mzee wewe. Ukiyatia umeua mboga."

"Mnyamwezi mchoyo mpaka wa mavi! Mungu akunusuru!"

Nikamrudia tena na tena kwamba yanaunguza. Akacheka tu, akaondoka akitikisa kichwa.

Kesho yake nilikwenda Kwihara kumwangalia shangazi yangu aliyekuwa na homa. Nikarudi alasiri, nimechoka, miguu imejaa vumbi. Nikapita nyuma kuwapa kuku maji, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ngata. Ngata ya kitambaa, ile ya kuwekea mzigo kichwani, imesokotwa vizuri na kukalishwa juu ya lundo langu. Maana yake niliisoma papo hapo: mpagazi, mzigo wako nimekupunguzia. Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu mzee mwendawazimu.

Kisha nikaangalia ni lundo lipi. Kicheko kikakauka.

Alikuwa amechota lundo bichi. Alilipita lile linalochemka, ambalo angalau limeshaanza kuiva, akaenda kuchota lile lililotoka chini ya fito jana na juzi, na alichota hasa, nusu nzima haipo. Nikakimbilia ua. Ng'ambo, matuta yote ya mchicha yalikuwa yamefunikwa kijivu, mengine mpaka shingo za miche, na jua la alasiri linapiga. Harufu yake ilinifikia pale niliposimama, na kwangu harufu hiyo haipo!

Mtani alikuwa amekaa kwenye kigoda, anangoja nifike. Aliponiona akasimama, akapanua mikono.

"Mwizi! Mwizi jamani! Mnyamwezi kaibiwa mavi!"

"Yatoe sasa hivi!" nilipiga kelele. "Yanaunguza mizizi!"

"Eti yanaunguza. Mavi yana kiberiti?"

"Sikutanii!"

"Wala mimi sikutanii. Nakuibia."

Majirani walishaanza kutoka kusikiliza, maana sinema yetu ni ya bure. Mimi damu ilikuwa imepanda kichwani. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa. Nilivua kandambili nikamrushia, naye akaidaka, akaichomeka kwenye minyaa upande wake kama bendera, akatangaza kwamba Mnyamwezi amekasirika, atoe kuku wa faini. Watu wakapiga vigelegele. Kadiri nilivyozidi kufoka, ndivyo utani ulivyozidi kumnogea. Lo! Nilirudi ndani na mguu mmoja peku, na nikagundua kwamba sina njia ya kumfikia mtu yule. Kila neno langu kwake lilikuwa mchezo.

Asubuhi nilikwenda uani mapema kuliko kuku. Ncha za majani zilikuwa za kahawia. Tuta la karibu na ua, lenye miche michanga, lilikuwa limelala chini lote. Yeye alikuwa tayari yupo pale, ameshika kopo, anamwagilia tone tone kwa kuhofia kuuchosha mchicha. Alikuwa akipangusa jani moja moja kwa kidole. Lakini aliponisikia akageuka haraka, akavaa sura yake ya mzaha.

"Mboga zina kiu tu," akasema. "Zimeona sura yako zikazimia."

Nikajaribu tena, kwa upole safari hii. Akanijibu kwa tusi jingine, dogo, lisilo na nguvu. Alikuwa na hofu, na kwa hofu ile akawa ameng'ang'ania utani. Nikajua nikiendelea kusimama pale uani tutarushiana maneno mpaka lengalenga yote iishe, na mbegu ya marehemu iende nayo, na dada arudi akute kifusi. Ikiwa atarudi. Nilifikiria macho yake pale alipotuachia bustani, nikaingia ndani.

Nilioga. Nikavaa kanga mpya doti nzima, moja kiunoni, moja begani, nikafunga kilemba, nikavaa viatu. Sikupita uani. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka barabarani, nikasimama mbele ya nyumba yake nikapiga hodi. Nilitaka aone kwamba anayekuja si mtani wake wa juu ya ua. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu yule mzee anisikilize.

Alifungua mlango na tusi lipo mdomoni, nililiona kabisa. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu, ulimi ukitangulia akili.

Kisha akaniangalia. Akaangalia kanga, akaangalia kilemba, akaangalia mikono yangu niliyoikunja mbele. Uso ukabadilika rangi. Akashika fremu ya mlango.

"Wamekupigia wewe," alisema.

Mungu wangu! Kwetu habari ya msiba haipigiwi mwenyewe. Anapigiwa jirani, jirani anajifunga kanga yake vizuri, anakwenda kwa adabu, anaamkia, anaomba kuketi. Na mimi hapo nimesimama na kilemba changu!

"Hapana!" nilimshika mikono yote miwili. "Hapana, mtani! Mkeo mzima! Hakuna aliyenipigia, wallahi hakuna! Nimekuja kwa ajili ya mboga!"

Alikuwa ameshakaa chini kizingitini. "Mboga?"

"Mboga. Zinaungua."

Alikaa pale chini akanitazama, halafu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, kilio chote alichokuwa amekificha nyuma ya matusi tangu bajaji ile iondoke. Nami nikakaa kizingitini kando yake na kanga zangu mpya, nikalia vilevile. Mimi si mliaji, waulizeni wanaonijua. Lakini nilimwonea huruma, na nilimwambia hivyo.

"Nusura uniue, mwanamke wewe," alisema alipopata sauti.

"Wewe ndiye unayeua. Twende bustanini."

"Zikifa nitamwambia nini?" Aliuliza kweli, ananitazama usoni, kama mtu na daktari wake. "Alisema atajua tulishamzika. Atakata tamaa ya kuishi palepale, mimi namfahamu."

"Hazifi zote. Mimi nipo. Leo utafanya ninavyokwambia, na mdomo wako uufunge."

Akaufunga. Na hapo nikaingia kazini, na nisikilizwe vizuri, maana siku ile nilikuwa bingwa. Kwanza tulikomba mavi yote yaliyokuwa juu ya matuta, kwa mikono karibu na miche na kwa reki pembeni, tukayarudisha kwangu ndoo kwa ndoo. Halafu tukakwangua udongo wa juu uliokwisha lowa ukali, tukautupa mbali. Halafu maji. Hayakuwa yale ya tone tone. Nilimwambia amwage, azamishe, yashuke yapeleke ukali chini ya mizizi. Mabomba yalikuwa yanatoka siku hiyo, Mungu alitukumbuka. Majani yaliyoungua tukayakata. Juu ya matuta tukasimamisha vijiti tukatandika nyasi, mboga zipate kivuli. Tuta la karibu na ua sikulidanganyia, nilimwambia wazi kwamba hilo limekwenda. Akaendelea kubeba maji.

Mchana nilikwenda kwenye ile kona ya miche ya mbegu. Mavi yalikuwa yamemwishia kabla hajafika pale, bahati yake. Mabua mekundu yalikuwa yamesimama, vichwa vimekauka, na nilipokifikicha kimoja kiganjani mbegu nyeusi zikamiminika. Nikamwita aone. Alizigusa kwa kidole.

Kulikuwa kumebaki mbolea yenyewe, na mbolea ilikuwa Kwihara. Kesho yake tulikwenda na baiskeli yake, tukafunua turubai, tukajaza viroba viwili, tukavifunga kwenye kiti cha nyuma. Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, tairi likapasuka. Baiskeli ikagoma kubeba viroba vyote viwili. Tukatazamana, pale kwenye njia ileile waliyopita babu zangu na mizigo yao vichwani. Mimi nilikuwa na ile ngata mfukoni, sikuwa nimeitupa.

Nikampa.

"Hapana," alisema.

"Mke wako anataka bustani au hataki?"

Basi Mzaramo akabeba. Akakalisha ngata, nikamtwika kiroba cha mavi ya kuku kichwani, mimi nikakokota baiskeli na kiroba kingine nyuma yake, na fimbo mkononi kama kiongozi wa msafara. Kila aliyekutana nasi nilimsimamisha nikamwonyesha. Wanyamwezi wa njia nzima walikaa chini kwa kucheka, mwanamke mmoja aliweka jembe chini akaja kumpangusa jasho kwa upindo wa kanga. Shingo ilimwuma mtani wangu kwa siku kadhaa, na kila alipolalamika nilimwambia hiyo ni safari ya kwanza tu, bado ile ya kubeba mpaka pwani. Alicheka. Nilifurahi kumsikia akicheka tena.

Tukapanda zile mbegu kwenye tuta lililokufa na kwenye mapengo ya matuta mengine. Nilimwonyesha kuchanganya mbolea na udongo, kiasi kidogo, kuifukia, kumwagilia jua likiwa limepoa. Miche iliyopona ikaanza kutoa majani mapya ubavuni. Siku mbegu mpya zilipochomoza, alikuja kuniita kwenye ua na wembe mkononi na povu la sabuni shavuni, hakungoja hata amalize kunyoa ndevu.

Upasuaji ukafanyika hatimaye. Binti akapiga simu kusema umepita salama, uvimbe umetoka wote, lakini mama amekuwa mnyonge, hali chakula vizuri, haongei. Wakampa simu mgonjwa mwenyewe. Mtani aliweka sauti kubwa ili nami nisikie. Sauti ya dada ilikuwa nyembamba sana.

"Bustani?" aliuliza. Hata salamu hakutoa.

Mtani akanitazama. Mchicha wenyewe wakati ule haujafika hata kifundo cha mguu.

"Ipo," alisema. Nikahisi dada hakumwamini, kwa kuwa mtu huyu alikuwa ameishi naye kwa mizaha maisha yao yote. Nikanyakua simu nikasema, "Dada, ipo, mimi nimeishika kwa mkono wangu leo asubuhi." Akaitikia haya, akakata. Mtani akasema, "Anafikiri tunamdanganya ili apone."

Dada alikaa kwa binti yake mpaka kidonda kikakauka. Sisi huku tulipalilia, tukapunguza miche iliyobanana, nikahamisha lundo langu bichi mbali na ua ule kabisa, upande wa pili wa banda, maana mtani ni mtani na sikutaka kumjaribu. Matuta yakajaa. Majani yakawa mapana kuliko kiganja changu, ya kijani kizito, na mabua mekundu kama alivyokuwa akiyaacha mwenyewe.

Alirudi mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yameanza kujikusanya. Binti alimshusha kwenye bajaji, akampa fimbo. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Mtani alifungua mlango wa mbele, alikuwa ametandika kitanda, amefagia, amechemsha maji. Dada aliupita mlango. Akazunguka nyuma ya nyumba, hatua moja moja, nasi sote nyuma yake, hata binti.

Alisimama mwanzo wa tuta la kwanza. Akaangalia. Akaenda tuta la pili, la tatu, akainama kwa shida akashika bua, akalifuata kwa vidole mpaka kwenye udongo, akachimbua kidogo kwa ukucha. Kwenye tuta la karibu na ua akakaa zaidi. Ule mchicha ulikuwa mdogo kuliko mwingine, na yeye ni mkulima, alijua kuna kitu kilitokea pale. Akachuma majani machache ya mchicha wa mama yake, akayakusanya kifuani, kwenye kanga, akayanusa.

Alipoinua uso akamtazama mumewe.

"Hospitali nilishamwambia Mungu sawa," alisema. "Nilimwambia nimekubali, aje anichukue. Itabidi sasa nimwambie nimeghairi."

Mtani akasema anakwenda kumletea kiti. Akaingia ndani, na alikaa huko muda mrefu sana bila kutoka na kiti.